Pete ipi kwa kihisi cha mkondo wa masafa ya juu? Anza na mkondo usioutaka

*Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kiwanda kimoja mkoani Tanga. Tuna kebo za kV 11 zilizozeeka, na nataka kutengeneza kihisi cha kuzungushia waya wa ethi wa kebo ili nivinase vicheche vinavyoanza ndani ya insulesheni kabla kebo haijalipuka. Nataka kione kuanzia 100 kHz hadi 20 MHz. Nina pete mbili za ukubwa mmoja, kipenyo cha nje mm 61. Moja ni feraiti (kauri ya sumaku) ya nikeli-zinki yenye permiabiliti, yaani wepesi wa kupitisha sumaku, ya 800, nyingine ni ya utepe wa nanokristali, permiabiliti 80,000. Ya pili ni ghali na namba yake ni mara mia, kwa hiyo nilitaka kuanza nayo. Mwenzangu naye anasema hata pete ya njano iliyotoka kwenye pawasaplai ya kompyuta ya zamani inatosha. Nani yuko sahihi?*

Ndugu yangu, iweke kwanza pembeni ile ya nanokristali. Si kwamba ni mbaya; mbele kidogo nitakurudisha kwake. Ila umeichagua kwa kuutazama mkondo unaoutafuta, na mimi baada ya kuharibu pete kadhaa nimezoea kuchagua kiini, yaani hiyo pete ya sumaku, kwa kuutazama mkondo nisioutaka. Waya wa ethi wa kebo hauleti vicheche peke yake. Unapitisha pia 50 Hz, ampea kadhaa na wakati mwingine makumi, usiku na mchana. Kicheche ni miliampea chache zinazopita kwa sehemu ndogo ya mikrosekunde. Vyote viwili vinapita tundu moja, na kiini hakina namna ya kukataa kimoja na kupokea kingine.

Tuanze na hesabu ya vicheche, maana hiyo ndiyo rahisi. Kihisi chako ni transfoma ya mkondo: waya wa ethi ukipita katikati ya pete ni mzunguko mmoja wa praimari, na wewe unazungusha mizunguko kadhaa ya sekondari, unaipeleka kwenye oskiloskopu yenye ohmu 50. Pete ya mm 61 kwa nje, mm 35.5 kwa ndani na unene wa mm 12.7 ina njia ya sumaku ya takriban mm 145 na eneo la mkato la takriban milimita 158 za mraba. Kwa permiabiliti 800, mzunguko mmoja unakupa kama mikrohenri 1.1. Indaktansi inapanda kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo mizunguko 10 ni mikrohenri 110. Masafa ya chini kabisa ambayo kihisi kinaanza kuona vizuri hupatikana kwa kugawanya ohmu 50 kwa 2π mara indaktansi hiyo, na jibu ni karibu 72 kHz. Unataka kuanzia 100 kHz. Umeshapata, tena kwa ile pete ya bei nafuu. Na kwa kila miliampea moja ya kicheche utaona milivolti 5 kwenye skrini, kwa sababu ohmu 50 zinagawanywa kwa mizunguko 10.

Hapa najua utauliza, maana kila mtu huuliza: mbona datashiti ya feraiti hiyo inaonyesha permiabiliti ikianza kuporomoka kuanzia MHz moja au mbili hivi? Itafikaje 20 MHz? Kuporomoka ni kweli, na si kosa la kiwanda. Mwaka 1948 J. L. Snoek, mtafiti wa Philips kule Uholanzi, alionyesha kwamba kwenye feraiti, permiabiliti ya mwanzo na masafa ya kushindwa vimefungwa kamba moja: ukivuta kimoja juu, kingine kinashuka. Kwa nikeli-zinki, ukizidisha hivyo viwili unapata takriban GHz 5 au 6. Permiabiliti 800 inashindwa karibu na 7 MHz, permiabiliti 125 inavumilia hadi karibu 45 MHz. Huwezi kupata vyote.

Ila zuio hilo humuumiza anayetengeneza choki (koili ya kuzuia masafa ya juu) au koili ya redio inayotakiwa kutopoteza nguvu. Wewe unatengeneza transfoma yenye mzigo mdogo wa ohmu 50, na kazi ya kiini ni moja tu: impidansi ya kusumakisha, yaani upinzani wa koili kwa mkondo unaobadilika, ibaki kubwa kuliko ohmu hizo. Chukulia kwenye 20 MHz permiabiliti imeanguka hadi robo. Masafa nayo yamepanda mara 200 kutoka pale 100 kHz. Impidansi ya mizunguko yako 10 bado iko karibu na kiloohmu 3.5. Iwe ni ya indaktansi au imegeuka kuwa ya upotevu, kwa mzigo wa ohmu 50 haibadilishi kitu. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo nikiona mtu anahangaika kutafuta kiini cha 20 MHz kwa ajili ya kihisi cha 20 MHz. Upande wa juu hauwekwi na kiini. Unawekwa na uzungushaji wako, na nitaufikia.

Sasa mkondo usioutaka. Kwenye 50 Hz, koili ya mikrohenri 110 ina reaktansi (upinzani unaotokana na indaktansi) ya ohmu 0.035 tu. Mbele ya ohmu 50 hiyo ni kama hakuna kitu. Sekondari haitoi mkondo wa maana wa kupingana na praimari, hivyo mkondo wote wa 50 Hz unaishia kukisumakisha kiini. Ndiyo tofauti na CT (transfoma ya mkondo) ya kawaida ya mita, ambayo sekondari yake hufuta karibu sumaku yote ya praimari. Kihisi cha masafa ya juu hakina kinga hiyo. Kiko uchi mbele ya 50 Hz.

Weka ampea 10 kwenye waya wa ethi. Kilele ni ampea 14.1, na kwa njia ya mm 145 unapata ampea 97 kwa mita. Feraiti ya 800 itafika karibu tesla 0.1. Nikeli-zinki ya aina hii hushiba, yaani haiwezi kubeba sumaku zaidi, karibu na tesla 0.3 na kidogo, na huanza kulegea kabla ya hapo, kwa hiyo kwa ampea 10 uko salama, kwa 20 uko ukingoni, na kwa 30 sikushauri.

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa nanokristali ya 80,000. Karatasi inakuambia tesla 9.8, namba isiyowezekana kwa sababu nyenzo hiyo hushiba kwenye tesla 1.2. Maana yake ni kwamba inashiba mara tu mkondo unapopita ampea 1.7 za kilele, ambazo ni kama ampea 1.2 za klampu mita. Kwenye wimbi la ampea 10, kiini kinakuwa macho pale tu wimbi linapovuka sifuri, na ukipiga hesabu ya muda huo unapata kama asilimia 8. Muda wote uliobaki kimeshiba, permiabiliti yake imebaki kama ya hewa, na kicheche kikipita hakikioni. Ubaya zaidi ni kwamba hutajua. Skrini itakuonyesha kimya, nawe utaandika kwenye daftari kwamba kebo ni nzima.

Lakini kuna jambo hukuligusa, nalo linaweza kugeuza jibu lote. Pete zako mbili ni nzima. Utazipitishaje kwenye waya wa ethi ambao tayari umefungwa? Nakusihi usifikirie kuufungua waya huo kebo ikiwa na umeme, hata kwa sekunde. Ethi ya skrini ya kebo (ngao ya chuma inayozunguka insulesheni) ikiachwa wazi inaweza kupanda volti za kuua. Ama unafunga pete siku kebo imezimwa, imepimwa na kutiwa ethi na wenye mamlaka ya kufanya hivyo, na unaiacha hapo hapo. Ama unatengeneza kihisi cha kufunguka vipande viwili.

Ukikata pete, umeingiza upenyo wa hewa, na upenyo unabadilisha kila kitu. Tuseme kila uso wa mkato unaacha mm 0.1, jumla mm 0.2. Permiabiliti inayobaki ni ile ya awali ikigawanywa kwa moja kujumlisha permiabiliti mara upenyo gawanya kwa njia. Feraiti ya 800 inashuka hadi 380. Feraiti ya manganizi-zinki yenye 2,000 inashuka hadi 530. Nanokristali ya 80,000 inashuka hadi 720! Angalia jinsi zilivyosogeleana. Hata ukileta kiini cha permiabiliti milioni, kwa upenyo huo hutavuka 725, ambayo ni mm 145 gawanya kwa 0.2. Ile mara mia ya permiabiliti uliyoilipia imeyeyuka kwenye unene wa karatasi mbili.

Ila hapo hapo ndipo nanokristali inapojilipa. Imeshuka hadi 720, karibu sawa na feraiti yako nzima, lakini bado inashiba kwenye tesla 1.2. Ampea 10 za 50 Hz sasa zinaifikisha tesla 0.09 tu, na ili ishibe inahitaji zaidi ya ampea 130. Kiini kile kile kilichokuwa kipofu kwa ampea moja na kidogo sasa kinavumilia karibu mara mia zaidi, kwa sababu ya msumeno. Ndiyo sababu nimekuambia uiweke pembeni na si uitupe.

Msumeno wenyewe, hata hivyo, si wa karakana yako. Nyenzo hii ilitangazwa mwaka 1988 na Yoshizawa na wenzake wa Hitachi Metals kule Japani: chuma pamoja na silikoni, boroni, niobi na shaba kidogo, inamwagwa ikiwa ya moto juu ya gurudumu linalozunguka ili igande kama utepe wa takriban mikromita 20, kisha inaokwa kwenye nyuzi kama 550 ili chembe zake zikue hadi nanomita 10 hivi. Baada ya kuokwa inavunjika kama ganda la yai, ndiyo maana pete yako imekuja ndani ya kasha la plastiki. Ukiikata kwa msumeno wa chuma itapasuka, na hata isipopasuka, vumbi la mkato litaunganisha tepe moja na nyingine kwenye uso na kufungua njia za mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe, ambayo utepe mwembamba ulikusudiwa kuizuia. Kama unataka ya vipande viwili, nunua iliyokatwa kiwandani, iliyopigwa gundi ya epoksi na kusafishwa uso kwa asidi. Feraiti unaweza kuikata mwenyewe kwa diski ya almasi yenye maji, polepole, kisha ulainishe nyuso kwa msasa laini juu ya kioo. Ukikata hiyo feraiti ya 800, ongeza mizunguko kutoka 10 hadi 14. Utarudi karibu na 78 kHz, na kila miliampea itakupa milivolti 3.6 badala ya 5. Kuna nafuu nyingine: ukomo wa ampea nao unapanda karibu maradufu.

Nyenzo nyingine nitazipitia haraka. Manganizi-zinki ya 2,000 hadi 2,500 hushiba karibu na tesla 0.5 kwenye ubaridi na hushuka kuelekea 0.4 ikifika nyuzi 100, jambo la kukumbuka kwenye chumba cha switchi cha pwani saa nane mchana. Ni nzuri sana kwa kupima mkondo wa inveta na pawasaplai za makumi ya kHz, na kwa hesabu niliyokupa inaweza kupanda hadi MHz kadhaa bila shida. Ila yenyewe inapitisha umeme kidogo: funga utepe kabla ya kuzungusha waya, la sivyo enameli ikichubuka kwenye kona utapata shoti ambayo utaitafuta siku nzima. Bati za silikoni za transfoma waachie watu wa 50 Hz. Na kama siku moja utataka kupima waya wenyewe wa fezi unaobeba mamia ya ampea, acha viini vyote. Tumia koili ya Rogowski, isiyo na kiini kabisa na isiyojua kushiba ni nini. Walter Rogowski na Steinhaus waliieleza mwaka 1912 na bado haijachuja. Udhaifu wake ni kwamba vicheche vidogo hufika vikiwa vimenyong'onyea, ndiyo maana kwa ethi ya kebo bado ninapenda kiini.

Turudi kwenye upande wa juu, uzungushaji. Tandaza mizunguko kuzunguka pete nzima kwa nafasi sawa, safu moja, isibanane upande mmoja. Ikibanana, waya wa jirani unaopita nje ya pete nao utasikika. Ncha mbili za koili zisikaribiane sana na mizunguko mingine, maana kapasitansi kati yao ndiyo itakayokata masafa yako. Kwa mizunguko 10 kwenye pete hii unatumia waya wa nusu mita na kidogo, urefu mdogo sana mbele ya wimbi la 20 MHz ambalo ni mita 15, kwa hiyo usihofu. Toka moja kwa moja na kebo ya koaksia.

Kisha ngao. Bila ngao, volti za kebo zitaingia kwenye koili kwa njia ya kapasitansi na utadhani ni vicheche. Kihisi changu cha kwanza nilikifunika kwa utepe wa shaba, nikakizungushia vizuri ndani na nje, nikachomelea risasi kila kiungo mpaka kikang'aa kama kikombe cha zawadi. Nilipokiwasha hakikutoa hata milivolti moja. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha oskiloskopu, nikailaumu feraiti. Usiku ndipo nilipong'amua: ngao iliyofunga pete pande zote bila mwanya ni mzunguko mmoja wa sekondari ulioshotiwa, na ulikuwa unameza kila kitu. Nilikwangua mstari wa milimita mbili kuzunguka upande wa ndani wa tundu, na kihisi kikafufuka. Acha mwanya huo tangu mwanzo.

Kabla hujakipeleka kwenye kebo, kijaribu mezani mara mbili. Jaribio la kwanza: chukua jenereta ya ishara, pitisha waya wake ndani ya pete na uumalizie kwenye rezista ya ohmu 50. Ukiweka volti moja kwenye rezista hiyo, mkondo ni miliampea 20, na kihisi cha mizunguko 10 kinapaswa kukupa milivolti 100. Shusha masafa taratibu hadi ishara ibaki milivolti 71. Kama hapo ni karibu na 72 kHz, pete yako kweli ni ya 800. Kama ni tofauti sana, umeuziwa kitu kingine. Jambo hilo hutokea, na kuna hila ya haraka ya kulikagua ukiwa bado dukani: bana ncha za mita ya ohmu juu ya feraiti isiyopakwa rangi. Nikeli-zinki haionyeshi chochote, manganizi-zinki huonyesha makumi au mamia ya kiloohmu.

Jaribio la pili ndilo watu hulikwepa, nalo ndilo la maana kwako. Chukua transfoma ya volti 12 na balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55. Inavuta ampea 4.6 hivi. Pitisha waya wake mara tano ndani ya pete na kiini kitahisi kama ampea 23 za 50 Hz. Wakati huo huo pitisha mapigo madogo ya jenereta kwa waya wa pili, na uangalie kama urefu wa mapigo unabaki ule ule kwenye kilele cha wimbi kama unavyokuwa kwenye sifuri. Yakififia kileleni, kiini kinashiba. Ijaribu na ile nanokristali nzima, uone mwenyewe mapigo yanavyotoweka na kurudi mara mia kwa sekunde.

Na hapo ndipo pete ya njano ya mwenzako inapopata kazi. Ile yenye rangi ya njano na upande mmoja mweupe ni unga wa chuma, permiabiliti 75 tu. Kama kiini cha kihisi ungehitaji zaidi ya mizunguko 30 kufikia pale feraiti inapofika na 10, na kila mzunguko unaoongeza unapunguza milivolti zako. Lakini kwenye jaribio la balbu kuna tatizo dogo: ile mizunguko mitano nayo ni sekondari, itakula sehemu ya mapigo yako kupitia balbu na transfoma. Unahitaji choki mfululizo na balbu, inayobeba ampea tano bila kushiba. Pete ya njano ndiyo choki hiyo: usiifungue waya wake wa zamani, iunganishe hivyo hivyo ilivyotoka kwenye pawasaplai.